Dk. Williamson wa Mwadui: Lori, sururu na somo la kuchagua zana

JINA la Dk. John Thoburn Williamson halihitaji maelezo marefu kwa wakazi wa Shinyanga. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioko wilayani Kishapu, unaitwa kwa jina lake mpaka leo, na wazee wengi wa Maganzo na vijiji vya jirani wana la kusimulia kuhusu Mzungu huyo mpole, asiye na mke wala mtoto, aliyeishi katikati ya mali nyingi kuliko mtu yeyote wa eneo hilo.

Hata hivyo, wengi wetu tunamkumbuka kwa bahati yake tu. Simulizi inayopendwa sana ni kwamba siku moja gari lake lilikwama njiani, akashuka kulisubiri likwamuliwe, na pale chini, karibu na mbuyu, akaliona jiwe linalong'aa. Wengine husema lilikuwa tope la masika, wengine husema ni tairi lililopasuka. Kila kijiwe cha kahawa kina habari yake.

Ukiyatazama maisha yake kwa makini, unaona kuwa bahati ilikuwa na sehemu ndogo sana. Kilichomfikisha Mwadui ni elimu, uvumilivu wa miaka, na vifaa vichache vilivyohimili kazi porini, mbali na duka na mbali na gereji. Hapo ndipo maisha yake yanapomhusu mkulima wa pamba wa Kishapu, mwenye pikipiki wa Katoro, mchimbaji mdogo wa Nyarugusu na mfanyabiashara wa Kahama ambaye gari lake ndilo duka lake.

Kutoka Canada hadi Mabuki

Williamson alizaliwa Februari 10, 1907, katika kijiji cha Montfort, jimbo la Quebec nchini Canada. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, nia yake ilikuwa kusoma sheria. Lakini katika likizo moja ya kiangazi alikwenda Labrador pamoja na wanajiolojia, na huko akavutiwa na kazi ya kusoma miamba. Aliporudi alibadili masomo. Mwaka 1933 alitunukiwa shahada ya udaktari katika jiolojia.

Miaka hiyo dunia ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na ajira zilikuwa haba hata kwa wasomi. Williamson akaja Afrika. Alifanya kazi kwanza Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, katika kampuni ya utafutaji madini. Kisha katikati ya miaka ya 1930 akaja Tanganyika, kufanya kazi katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kando ya njia ya Mwanza kwenda Shinyanga, eneo ambalo sasa liko katika Wilaya ya Misungwi.

Mabuki haukuwa mgodi wa kutajirisha mtu. Almasi zilikuwapo, lakini chache, na kampuni iliyokuwa ikiumiliki ilianza kukata tamaa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ilipotaka kufunga shughuli, watumishi wengine walifungasha mizigo. Williamson hakuondoka. Aliuchukua mgodi huo akaufanya kituo chake cha kutafutia almasi kwingine.

Ni vema tukasimama kidogo hapa. Mtu huyu hakununua mgodi kwa ajili ya almasi zake. Kilichokuwa na faida kwake ni kambi, vifaa, na watu waliokwisha kuzoea kazi. Mfanyabiashara mdogo anayenunua mashine ya kusaga iliyotumika, au pawatila ya mkulima anayeacha kilimo, anafanya hesabu ileile: sitazami sura yake wala jina lake, natazama itanifanyia kazi gani kesho asubuhi.

Kazi ya kutafuta

Watu wengi hudhani kutafuta almasi ni kutembea ukiangalia chini. Ukweli ni kwamba almasi ni chache mno ardhini, kiasi kwamba anayeitafuta hutafuta kwanza madini mengine yanayoandamana nayo. Miongoni mwa hayo ni ilmenaiti, ambayo ni nyeusi na nzito, na aina fulani za gaaneti, ambazo ni nyekundu. Mtafutaji huchimba shimo, huchukua udongo na changarawe, huchekecha, huosha, kisha hukagua kilichobaki. Akikuta madini hayo, husogea mbele na kuchimba tena, akifuata upande ambao yanaongezeka, mpaka afike kwenye mwamba yalikotoka. Mwamba huo unaitwa kimbalaiti.

Kazi hiyo inataka zana ambazo kila mkulima anazijua: sururu, chepe, chekecheo, ndoo, kamba, nyundo ya kuvunjia mawe, na maji. Juu ya hivyo inataka gari la kubeba watu, maji na sampuli, katika nchi ambayo wakati wa masika udongo wake mweusi wa mbuga hushika tairi kama gundi. Yeyote aliyewahi kukwama kati ya Maganzo na Kishapu katika mwezi wa Machi anaelewa.

Fedha nazo zilikuwa tatizo. Mshirika wake mkubwa alikuwa I.C. Chopra, wakili wa Kihindi aliyekuwa na ofisi Mwanza. Chopra alimsaidia kwa fedha na mambo ya kisheria, na baadaye akawa mwanahisa katika kampuni. Bila mtu wa kukopesha na kuamini, huenda Williamson angerudi Canada mikono mitupu.

Na hakuwa peke yake porini. Waliochimba mashimo, waliobeba ndoo na waliochekecha changarawe walikuwa vibarua Waafrika, wengi wao wenyeji wa Usukuma. Majina yao hayamo kwenye vitabu vinavyomsifu Williamson, lakini sururu zilikuwa mikononi mwao. Kila shimo lililoonyesha njia lilichimbwa na mtu mwenye mpini na malengelenge.

Machi 6, 1940, baada ya miaka kama mitano ya kazi ya namna hiyo, almasi ilipatikana Mwadui. Ikiwa gari lilikwama kweli siku hiyo au hapana, si hoja kubwa. Hoja ni kwamba mtu asiyejua anachokitafuta angelikwamua gari lake na kuondoka zake.

Mgodi katika vita

Mwadui haukuwa shimo la kawaida. Mwamba wake wa kimbalaiti una eneo la takriban hekta 146 juu ya ardhi, na unahesabiwa miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Lakini mwaka 1940 Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza. Meli zilibeba askari na silaha, viwanda vya Uingereza vilitengeneza vifaru na ndege. Kuagiza mtambo mpya kutoka ng'ambo na kuupata kwa wakati kulikuwa kugumu kwa kila mwenye shughuli Tanganyika, awe mwenye mgodi wa dhahabu Geita au mwenye kinu cha pamba Shinyanga.

Mgodi ulianza kwa mikono ya watu na mitambo midogo. Udongo na changarawe vilichimbwa, vikachekechwa na kuoshwa, na mawe yakachaguliwa. Katika migodi mingi ya almasi ya zama hizo changarawe iliyokwisha kuoshwa ilipitishwa juu ya meza zilizopakwa grisi, huku maji yakitiririka. Mawe mengine hulowa na kuteleza na maji, lakini almasi hailowi kirahisi, kwa hiyo hunasa kwenye grisi. Fundi anayelalamika kuwa grisi inanasa kila uchafu gereji kwake ajue kuwa sifa hiyohiyo iliwahi kutajirisha watu.

Kuna jambo jingine la vita ambalo wengi hawalijui. Almasi zilizohitajiwa sana wakati huo hazikuwa za pete. Zilikuwa zile za daraja la chini, zenye rangi mbaya au mipasuko, kwa sababu hakuna kitu kinachokata na kunoa chuma kigumu kama almasi. Viwanda vya silaha vilizihitaji kwa misumeno, mawe ya kunolea na ncha za kutobolea. Kwa maneno mengine, sehemu ya mali iliyotoka Mwadui ilikwenda kuwa zana.

Vita vilipokwisha, mgodi ulipanuka haraka. Williamson alijenga mji mzima ndani ya uzio: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, umeme, karakana na uwanja wa ndege. Kufikia miaka ya 1950 Mwadui uliajiri maelfu ya watu. Ulikuwa pia mji wa ubaguzi kama ilivyokuwa desturi ya ukoloni, nyumba na mishahara ikitofautiana kwa rangi ya mtu, na ulinzi ulikuwa mkali kwa sababu ya hofu ya wizi wa almasi. Hata hivyo, vijana wengi wa Usukuma walijifunza hapo kazi za ufundi, na ufundi una tabia moja njema: mtu akiujua hakuna uzio unaouzuia kutoka naye.

Jiwe la waridi

Oktoba 1947 lilipatikana jiwe lililolitangaza jina la Mwadui ulimwenguni. Lilikuwa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, sawa na gramu 10.9 hivi. Williamson aliitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba mwaka huohuo. Jiwe hilo lilikatwa London, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikalitia katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua.

Tazama hesabu yake. Zaidi ya nusu ya uzito ilipotea katika kukata na kusugua, lakini thamani ilipanda. Uzito mkubwa si thamani kubwa. Hivyo ndivyo ilivyo hata dukani tunaponunua spana: nene na nzito inaweza kuwa ya chuma dhaifu cha kumimina, na nyembamba ikawa ya chuma cha kufua kinachodumu miaka.

Kwa upande wa biashara, Williamson alikuwa na msimamo mgumu. Wakati huo karibu almasi zote za dunia ziliuzwa kupitia mtandao mmoja uliosimamiwa na kampuni ya De Beers. Alikubali kuuza kupitia mtandao huo mwaka 1947, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaona haki yake ni ndogo, akaacha kupeleka almasi na kuzihifadhi hadi mazungumzo yalipofanyika. Aliweza kusubiri kwa sababu mgodi ulikuwa wake, haukuwa na deni la kumsukuma. Mkulima anayelazimika kuuza pamba au mpunga kwa bei ya shambani kwa kuwa anadaiwa anajua kinyume chake.

Mwisho wa mtu, si wa mgodi

Utajiri haukumbadilisha sana. Hakuoa, hakupenda sherehe, alikaa Mwadui muda mwingi. Alivuta sigara sana na kunywa pombe, na afya yake ikadhoofika. Alifariki dunia Januari 7, 1958, kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50 tu.

Mwaka huohuo warithi wake waliuza mgodi kwa bei ya zaidi ya pauni milioni 4. Nusu ilichukuliwa na De Beers na nusu na Serikali ya Tanganyika. Miaka ya 1970 mgodi ukawa mali ya Taifa kikamilifu. Ndipo likaja tatizo ambalo kila mwenye mashine analijua. Mitambo ilichakaa, fedha za kigeni za kununulia vipuri hazikutosha, na uzalishaji ukashuka mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1994 De Beers walirudi wakiwa na asilimia 75 ya hisa, na mwaka 2009 hisa hizo zilichukuliwa na kampuni ya Petra Diamonds. Tangu mwaka 1940 zaidi ya karati milioni 19 zimetoka Mwadui.

Almasi hazikwisha ardhini katika miaka ile ya kushuka. Kilichopungua ni uwezo wa kuzitoa. Shamba zuri lisilo na jembe ni pori.

Tunajifunza nini?

Mkulima au mfanyabiashara wa leo hatafuti almasi kwa lori la mwaka 1940, lakini anaishi kwa gari, pikipiki, pawatila, pampu au karasha, na mara nyingi yuko mbali na gereji. Nati moja ikilegea njiani kati ya Runzewe na Geita, mzigo wa nyanya unaoza. Pampu ikigoma wiki ya kumwagilia, bustani inakauka. Kwa hiyo sanduku dogo la zana nyumbani si anasa. Swali ni namna ya kulichagua.

Kwanza, anza na kazi, usianze na seti. Dukani utaonyeshwa sanduku lenye vipande vingi vinavyong'aa kwa bei ndogo. Nyingi kati ya hizo hutazitumia, na zile utakazozitumia kila siku ndizo zitakazopasuka. Lala chini ya mashine yako, pima nati zake, andika. Magari na pikipiki nyingi za Kijapani hutaka spana za milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Trekta za zamani kama Massey Ferguson 135 zina nati nyingi za inchi. Usichanganye vipimo kwa makadirio. Spana ya milimita 19 hukaribiana sana na ya inchi tatu ya nne, lakini ya milimita 13 ni kubwa kidogo kuliko ya nusu inchi, na ya milimita 14 ni ndogo kuliko nati ya inchi tisa ya kumi na sita, haitaingia. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokula pembe za nati mpaka ikawa duara.

Pili, jua aina ya chuma. Spana na soketi nzuri hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na kromiamu na vanadiamu, kikafuliwa kwa nguvu, kisha kikatiwa moto na kupozwa kwa kipimo ili kiwe kigumu bila kuvunjika. Nyingi huandikwa Chrome Vanadium au Cr-V. Maandishi hayo peke yake hayatoshi, maana yanaweza kugongwa hata kwenye chuma cha ovyo. Yaangalie kama yamechongwa vizuri na kusomeka. Pitisha kidole kwenye kingo: zana ya kumimina huwa na mstari mbaya wa kalibu, vipele na vitundu. Mng'aro usikudanganye, kwani rangi ya fedha iliyopakwa vibaya hubanduka na kuacha kutu chini yake.

Ujuzi huu si mgeni kwetu. Karne ya 19, kabla ya majembe ya viwandani kuenea, mafundi chuma wa Kirongo, upande wa Geita na Uzinza, waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa mpaka Usukuma. Mnunuzi wa wakati huo aliligonga jembe na kulitazama kabla ya kutoa mbuzi wake. Sisi tunatoa fedha bila hata kuligeuza.

Tatu, jaribu kabla ya kulipa. Nenda dukani na nati na bolti halisi mfukoni. Spana ikiingia, itikise: isichezecheze. Kwa nati iliyoshika kutu, tumia spana ya pete au soketi yenye pembe sita, kwa sababu hushika ubavu wa nati. Ile yenye pembe kumi na mbili ni rahisi kuingiza mahali pabaya, lakini hushika karibu na kona na inaweza kuzila. Ile ya mdomo wazi ibaki kwa nati zilizokwisha kulegea. Bisibisi itazame ncha: iwe imekatwa sawa, na chuma chake kisipinde unapokikaza kwenye skrubu.

Nne, spana inayorekebishwa, ile ambayo mtaani huitwa spana malaya, ni msaidizi tu. Nunua moja nzuri, ambayo taya lake halilegei unapolitikisa. Unapofungua nati, igeuze ili nguvu iangukie taya lisilosogea. Ukiitumia kinyume, taya linalosogea hupanuka, na siku si nyingi spana huwa ya kutupa.

Tano, mpini. Nyundo, sururu na shoka huharibika mpini kabla ya chuma. Chagua mti ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa mpini. Nyuzi zikikatiza kwa mshazari, utavunjika hapohapo. Kichwa kiwe kimekazwa kwa kabari, si kwa mpira wa tairi uliofungwa juu.

Sita, usibane matumizi kwenye jeki. Soma tani zilizoandikwa, linganisha na uzito wa gari lako pamoja na mzigo. Na hata jeki ikiwa nzuri kiasi gani, hukunyanyulia gari tu, haikushikilii. Kabla ya kuingia chini, weka stendi za chuma au magogo imara, na zuia magurudumu kwa mawe. Matofali ya saruji yenye matundu hupasuka ghafla, yasitumike. Spana ikivunjika unapoteza ngozi ya vidole. Jeki ikiteleza, familia inapoteza mtu.

Hesabu ya bei rahisi

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtu ananunua spana ya Sh4,000 inayofunguka mdomo baada ya miezi minne. Kwa mwaka atanunua tatu, yaani Sh12,000, na kwa miaka mitano Sh60,000. Mwenzake anatoa Sh15,000 mara moja, na spana yake inadumu miaka hiyo mitano. Tofauti ni Sh45,000 kwa kipande kimoja, kabla hujahesabu nati zilizoharibiwa, nauli ya kwenda kununua nyingine, na siku ambayo gari lililala.

Asiye na fedha za kununua vyote vizuri kwa pamoja anunue kimoja kimoja. Mwezi huu spana ya milimita 10, mwezi ujao ya 12, baada ya mavuno jeki. Zana nzuri iliyotumika pia ni mali. Katika miji ya migodi kama Geita, Kahama na Mwadui, mafundi wanaostaafu au kuhama huuza zana imara kwa bei ya chini. Ila hakikisha zina mwenyewe anayejulikana na uandikishane naye, kwa sababu zana za migodini huibwa, na mnunuzi wa mali ya wizi huingia matatani pamoja na mwizi.

Ukishanunua, tunza. Futa tope na mafuta kila baada ya kazi, paka oili kidogo, weka mahali pakavu. Usiigeuze spana kuwa nyundo, wala usiiongezee bomba refu ili ukaze zaidi ya uwezo wake. Gonga alama yako kwenye kila kipande ili ikiazimwa irudi. Na hesabu vipande kabla ya kuondoka, hasa unapotengeneza gari gizani kando ya barabara.

Dk. Williamson aliacha mgodi uliodumu kuliko umri wake, na pia funzo kwamba mali iliyo ardhini humfikia yule mwenye maarifa ya kuitafuta na vifaa vya kuichimba. Msimu wa kulima haumsubiri mtu anayetafuta spana ya kuazima. Kabla mvua hazijaanza, fungua sanduku lako, toa kilichochakaa, andika kinachokosekana, na uende sokoni na nati yako mfukoni.